Mtoto wa Mbwa Alazwe Wapi? Mjadala wa Barazani

Ni mambo machache madogo yanayozusha ikhtilafu kubwa katika nyumba za mwambao wetu kama kuletwa kwa mtoto wa mbwa. Maana mgeni huyo, ambaye aghalabu huingia akiwa ndani ya kikapu na amefunikwa kanga kuukuu, huja pamoja na masuala ambayo wenye nyumba hawakuyatafakari mapema: alazwe wapi, alishwe kwa chombo gani, nani atakayemfundisha, na sheria ya dini inasemaje juu ya kuwapo kwake. Mjadala ninaouandika hapa ulikuwa wa baraza la jioni, Pangani, katika nyumba iliyo mwisho wa mji, mahali ambapo ua unapakana na shamba la mihogo na minazi, na nguruwe mwitu hushuka usiku kuifukua mihogo kabla haijakomaa. Kijana mwenye nyumba, aliyeoa karibuni, alikuwa ameahidiwa na rafiki yake mtoto wa mbwa wa siku 30. Na kabla hajaenda kumchukua aliona ni adabu kuwataka shauri wakubwa zake. Walikuwapo mwalimu wake wa chuoni, mjomba wake aliyekuwa msasi katika ujana wake, shangazi yake anayekaa naye, na bwana mifugo, ambaye alikuwa amekuja kuwatazama mbuzi. Nimeyapanga maneno yao kwa utaratibu wa mjadala, na pale nilipoona haja nimetia rai yangu.

KIJANA: Wazee wangu, shikamooni. Haja yangu si ya anasa. Msimu uliopita nguruwe waliniharibia mihogo hata nikavuna michache tu, na nyuma ya dirisha la chumba nimekuta nyayo za watu ambao hawakuja kwa heri. Nataka mbwa wa ulinzi, na nataka nimlee tangu udogo wake ili anijue mimi na watu wangu. Ila sitaki kuingia katika jambo ambalo dini inalikataza, wala sitaki kuitia nyumba yangu najisi.

SHANGAZI: Mwanangu, sina chuki na kiumbe cha Mungu, lakini nayajua yatakayonifika. Wewe utakwenda kazini, mkeo atakwenda kufundisha skuli, na atakayebaki na hicho kijibwa tangu asubuhi hata alasiri ni mimi. Kitakojoa ukumbini ninaposwali, kitaramba sufuria, kitatafuna viatu vya wageni, na usiku kitalia tusipate usingizi. Nyote mnaniuliza juu ya mbwa; hapana aliyeniuliza juu yangu mimi.

Neno hilo la mwisho lilipita upesi kuliko lilivyostahili, nami nitalirudia. Baraza lilimgeukia Mwalimu kwanza, na ilikuwa haki kumgeukia, kwa kuwa hofu ya Kijana ilikuwa katika dini kabla ya kuwa katika banda.

MWALIMU: Tuanze na msingi. Sisi watu wa mwambao, wengi wetu, tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na kwa madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Imam Malik ameona kwamba mbwa aliye hai ni tohara. Nalitaja hilo mpate kujua kwamba maulamaa wenyewe wamehitilafiana, si kwamba nawaambia muhame madhehebu yenu kwa ajili ya mbwa. Ama kufuga, hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba mwenye kufuga mbwa pasipo haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, illa awe ni mbwa wa mifugo, au wa kuwinda, au wa shamba. Kijana ana shamba, na shamba lina nguruwe. Haja yake imetajwa humo humo. Ulinzi wa nyumba nao maulamaa wa Kishafii wameuingiza kwa njia ya kiyasi, yaani kwa kuulinganisha na haja hizo. Tena liko suala la mtoto wa mbwa, ambaye bado hajui kazi yoyote: je, ruhusa ya mbwa wa kazi inamhusu naye? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani mwaka 1277, alilitazama suala hilo hilo, na rai aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba yajuzu kumlea kwa madhumuni ya kumfundisha kazi hizo.

KIJANA: Alhamdulillahi. Na najisi, Sheikh? Maana mtoto wa mbwa humrukia mtu miguuni.

MWALIMU: Kikavu kwa kikavu hakiambukizani najisi. Akikugusa kwa manyoya yake makavu na nguo yako ikiwa kavu, huna la kuosha. Taklifu imo katika mate yake na katika kila umaji uliomgusa. Kwa hiyo awekewe mipaka. Chombo chake kisiingie jikoni, mahali pa swala pasikanyagwe naye, na nguo ya kumhudumia iwe ni moja, itengwe. Katika Sura ya Kahf tunasimuliwa habari za vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakulazwa kati yao, wala hakufukuzwa akakaa porini. Mimi naona huo ni mpaka mwema kwa nyumba yoyote.

MJOMBA: Sheikh amesema kweli, nami naongeza ninaloliona kwa kazi yangu. Mbwa wa ulinzi hafugwi kwa kubembelezwa. Zamani zetu, mtoto wa mbwa akishatengwa na mama yake hufungwa mnyororo chini ya mwembe mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Akiua kuku hupigwa kwa kuku yule yule, na akichafua ndani husuguliwa pua katika uchafu wake. Udongo uwahi ungali maji. Mbwa aliyezoea kupapaswa kila mara humpungia mkia hata mwizi.

BWANA MIFUGO: Mzee wangu, nimekusikia, wala sikatai kwamba mbwa wenu walikuwa wakali. Ila uko ukali wa mbwa anayekijua anachokilinda, na uko ukali wa mbwa mwenye hofu. Aliyefungwa mnyororo mfupi tangu utotoni hana njia ya kukimbia anapoogopa, basi hujifunza kwamba salama yake imo menoni mwake tu. Humbwekea mpita njia, humbwekea kunguru, hubwekea kuti linaloanguka, hata wenye nyumba wakazizoea kelele zake, na mwizi ajapo usiku wa manane hapana anayeinuka. Na anayeumwa na mbwa wa namna hiyo aghalabu si mwizi, bali ni mtoto wa nyumbani aliyepita karibu na mnyororo.

MJOMBA: Hilo la watoto nalikubali. Limetokea, na nimeliona.

BWANA MIFUGO: Basi tutazame umri, kwa kuwa ndio nguzo ya malezi yote. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki 2 hivi, na tangu wiki ya 3 hata wiki ya 12 au ya 14 yumo katika muda ambao kila akionacho pasipo kudhurika hukihesabu kuwa ni jambo la kawaida katika maisha yake. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walilichungua jambo hili kwa miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, na kitabu chao kikatoka mwaka 1965. Katika majaribio ya huko, watoto wa mbwa walioachwa uwanjani pasipo kukaribiana na watu hadi wiki ya 14 waligeuka kuwa wa mwitu, hawashikiki. Huo ndio muda wa kumjulisha adhana na pikipiki, mbuzi na kuku, mtu mwenye kanzu na mwanamke mwenye buibui, mzee mwenye bakora na mtoto anayekimbia. Asisukumwe kwao, aachwe aone kwa mbali, na huku anapewa dagaa mmoja, asogee kwa hiari yake.

KIJANA: Basi nimwahi huyu wa siku 30?

BWANA MIFUGO: La, usimwahi. Mwache kwa mama yake mpaka atimize wiki 8. Mama na ndugu zake wanamfunza jambo ambalo wewe huliwezi kwa ufasaha wao, nalo ni kupima nguvu ya meno: akimuuma ndugu yake kupita kiasi, yule hupiga ukelele na mchezo hukoma. Watu wengi wanaolalamika kwamba kijibwa chao kinawauma watoto mikono wamemtwaa akiwa bado ananyonya. Katika wiki hizo unazosubiri, kamwone mara kwa mara, umshike, umpapase masikio na makucha, akujue.

SHANGAZI: Haya, akija hiyo wiki ya 8 atalala wapi? Mimi nasema bandani, tangu siku ya kwanza, na mlango ufungwe.

Hapa ndipo mjadala uliposhika moto, na ndipo nilipopata faida kubwa zaidi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki.

BWANA MIFUGO: Bi Mkubwa, banda ndilo makazi yake ya daima, na lijengwe kabla hajaletwa. Ila usiku wa kwanza ni usiku ambao kwa mara ya kwanza halali na joto la mama yake. Ukimfungia gizani mwisho wa ua atalia mpaka alfajiri, na atakachojifunza ni kwamba banda ni mahali pa hofu. Naomba wiki 1 au 2 alale katika kisanduku cha mbao juu ya kibaraza cha uani, chini ya dirisha la Kijana, asikie watu wanavyopumua na kugeuka kitandani. Kisanduku kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala, si zaidi, kwani mbwa kwa maumbile yake huchukia kuchafua anapolala. Akipewa nafasi kubwa atalala pembe hii akakojoa pembe ile. Mchana apelekwe bandani akiwa macho, chakula chake awekewe humo, na mlango uwe wazi, apazoee pole pole.

MWALIMU: Kibarazani ni kizingitini. Hapo sina pingamizi.

SHANGAZI: Nami sina, ila atakayeamka kumtoa usiku ni mwenyewe, si mimi.

KIJANA: Nitaamka.

MJOMBA: Kazi ya banda niachieni mimi. Sakafu iwe ya mbao za mnazi, iinuliwe shubiri moja juu ya matofali, maji ya masika yapite chini yake. Mgongo wa banda uwe upande wa kusi, na mlango uitazame nyumba, kwani mbwa asiyeona watu hulinda banda badala ya kulinda nyumba. Paa ni makuti. Msiweke bati hapa kwetu; wakati wa kaskazi bati huwaka, na mbwa hatoki jasho mwilini akapoa, hutoa ulimi akahema tu. Ndani atandikiwe gunia la katani, nalo lianikwe juani kila wiki, viroboto wasifanye maskani. Kupe nao watafutwe kwa vidole, ndani ya masikio na baina ya makucha, ndiko wanakojificha. Maji yake yawe katika mkungu mzito wa udongo asioweza kuupindua.

Nililipenda jibu hilo kuliko yote ya jioni ile, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na elimu ya mtu aliyeishi na mbwa, ambayo haina budi kuheshimiwa hata pale mnyororo wake unapokataliwa.

SHANGAZI: Na mkojo, je? Maana hilo hamlijibu.

BWANA MIFUGO: Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hana uwezo wa kuzuia mkojo zaidi ya saa 2 hivi, na kila mwezi unaoongezeka humzidishia kama saa 1. Basi hatutegemei azuie, tunategemea sisi tuwahi. Atolewe mara aamkapo, mara amalizapo kula, na mara achokapo kucheza. Apelekwe mahali pamoja daima, tuseme nyuma ya mpapai ule, ili harufu yake ya jana imkumbushe. Umngojee umesimama kimya. Akimaliza, msifu papo hapo na umpe dagaa akiwa bado yuko pale, si baada ya kurudi kibarazani. Maana akipewa kibarazani atafahamu kwamba amesifiwa kwa kurudi.

MJOMBA: Na akikosea, hasuguliwi pua?

BWANA MIFUGO: Mzee wangu, mbwa huunganisha adhabu na kitendo cha dakika ile ile. Ukilikuta dimbwi limekwisha kupoa ukamsugua nalo, yeye hana hesabu ya saa iliyopita. Analojua ni kwamba umekuja, na ukija huja na maumivu. Kesho atakojoa ndani vile vile, ila nyuma ya mtungi, usipomwona. Umkutapo anaanza, piga kofi moja la mikono, mnyanyue, mpeleke penye mpapai, na akimalizia huko msifu. Mahali palipochafuka paoshwe kwa maji na siki mpaka harufu iishe. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai, kwa sababu harufu yake inakaribia ile ya mkojo, nazo humwita arudi.

MJOMBA: Na kuku?

BWANA MIFUGO: Avishwe ukanda laini wa shingoni wenye kamba, si kamba tupu ya katani inayochubua, na akalishwe pembeni kuku wanapodonoa. Kila anapowaacha kuku akakutazama wewe, apewe chake. Kwa siku nyingi, dakika chache kila siku. Na kutafuna hakukomi kwa kupigwa: meno yake 28 ya utoto huanza kutoka kama mwezi wa 4, na mengine 42 huota mahali pake hata mwezi wa 6 au wa 7, na ufizi humuwasha wakati wote huo. Apewe kitambaa kigumu kilichopigwa fundo, na viatu vipandishwe juu.

MJOMBA: Nimekusikia, bwana, lakini sijakubali yote. Naona mna maneno mengi matamu na machache ya mkazo. Nyumba yenye watu watano, huyu anasema njoo, yule anasema karibu, mwingine anampa mfupa chini ya meza na mwingine anamfukuza, mbwa wake hafundishiki kwa dagaa wala kwa fimbo. Liwe neno moja la kuita, neno moja la kukaa na neno moja la kuacha, na wote walitamke sawasawa. Kama hilo haliwezekani, nirudishieni mnyororo wangu.

BWANA MIFUGO: Hilo ndilo neno lililokuwa limebaki, na umelisema vizuri kuniliko.

MWALIMU: Na katika hadithi imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo wenye unyevu kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kama kumnywesha kuna malipo hayo, basi kumtesa bila sababu nako kuna hesabu yake.

Juu ya chakula hawakukawia, nami sitakawia: kwamba ugali mtupu haujengi mifupa ya kiumbe anayekua, bali utiwe dagaa au vichwa vya samaki vilivyopondwa laini, kwamba ale mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, kisha mara 3, kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vijiti vikatoboa matumbo, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Shangazi, ambaye ndiye mpishi, aliyashika hayo yote kwa kusikia mara moja.

SHANGAZI: Sasa nisemeeni juu ya kichaa. Mimi namjua mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, akiogopa maji na ilhali ana kiu. Nyinyi mnazungumza juu ya viatu na mapapai, na mimi usiku nawaza juu ya hilo.

BWANA MIFUGO: Una haki ya kuwaza, Bi Mkubwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishatokea kwa mtu, karibu hapana anayepona, na Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba huua watu kama 59,000 kila mwaka, sehemu kubwa sana Afrika na Asia, nao karibu wote huupata kwa mbwa. Lakini pia ni ugonjwa unaozuilika. Louis Pasteur alimchanja mtoto aitwaye Joseph Meister mwezi Julai mwaka 1885, naye akaishi. Na siku hizi tunamchanja mbwa mwenyewe kabla hajamuuma mtu. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba, ng'ambo yetu hapa, waliukomesha kwa chanjo; ulipoingia tena mwaka 2016 wakachanja tena, wakaukomesha tena. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

SHANGAZI: Na minyoo? Watoto wanacheza mchanga uani.

BWANA MIFUGO: Mtoto wa mbwa aghalabu huzaliwa nayo, hutoka tumboni mwa mama yake, na hiyo minyoo huwaingia watoto wa watu kwa mchanga. Hupewa dawa tangu wiki ya 2, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka miezi 3. Uchafu wake uzolewe kila siku ufukiwe mbali. Tena iko chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao haukujulikana duniani kabla ya miaka ya 1970 na ambao humaliza mbwa wadogo kwa siku chache. Hiyo huanza wiki ya 6 au ya 8 na kurudiwa. Mpaka ikamilike, asitembezwe majalalani wala mahali penye mbwa wa mitaani.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Rai yangu ni kwamba Mwalimu na Bwana Mifugo, waliotoka katika elimu mbili zilizo mbali, walikutana kibarazani, na hapo ndipo mahali pa mbwa katika nyumba zetu: karibu vya kutosha kuwajua watu, na nje vya kutosha kuiacha tohara ya nyumba salama. Mjomba ameshindwa katika mnyororo na ameshinda katika neno moja. Lakini mwenye hoja nzito kuliko wote ni Shangazi, pale alipolalamika kwamba hakuulizwa. Malezi yote tuliyoyasikia, ya kuwahi kila saa 2, ya kusifu papo hapo, ya kulisha mara 4, yanatendeka mchana. Na mchana nyumba hiyo ina mtu mmoja. Kumleta mtoto wa mbwa pasipo ridhaa yake ni kumtwika mzee kazi ambayo kijana ndiye aliyeichagua, na mbwa aliyelelewa na mtu aliyelazimishwa huishia kwenye mnyororo, hata kama hapana aliyekusudia hivyo. Kijana alilifahamu jambo hilo kabla baraza halijavunjika. Alimwomba shangazi yake radhi na ruhusa mbele ya wote. Naye akatoa kwa sharti kwamba zamu za usiku na za alfajiri, kuzoa uchafu na kuosha mkungu ziwe za Kijana daima, na jiko na mahali pa swala visiguswe.

Basi wewe msomaji uliyeahidiwa mtoto wa mbwa na jirani, kwanza mwulize yule atakayebaki nyumbani, na akikataa, ukubali. Tia ua wa miiba, au tafuta mbwa mzima aliyekwisha kufundishwa na kuchanjwa. Akiridhia, mwache mtoto huyo kwa mama yake wiki 8, jenga banda katika muda huo, kisha mwone bwana mifugo wa wilaya yako na umwandikishe kwa chanjo ya kichaa, ambayo hupigwa akitimiza miezi 3 na kurudiwa kwa tarehe atakayokuandikia katika cheti.